Kulinganisha Vipimo vya Mkojo Katika Kutambua Maambukizi ya Njia ya Mkojo

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza jinsi bakteria wanavyoingia na kuishi katika njia ya mkojo;
(b) kueleza namna sahihi ya kukusanya sampuli ya mkojo;
(c) kulinganisha kipimo cha macho, kijiti, hadubini na kuotesha;
(d) kukokotoa unyeti na umahususi wa kipimo;
(e) kutoa sababu kwa nini dawa isitolewe kwa kubahatisha.

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kike anayeishi bweni. Anaamka na maumivu wakati wa kukojoa. Anakwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi, lakini mkojo unaotoka ni kidogo. Rafiki yake anampa vidonge vya antibayotiki vilivyobaki tangu alipougua mwezi uliopita. Anameza kwa siku mbili, maumivu yanapungua, anaacha. Wiki tatu baadaye maumivu yanarudi. Anaambiwa kuwa sasa ana "UTI sugu".

Jiulize: ni nani aliyethibitisha kuwa mwanafunzi huyu alikuwa na bakteria mara ya kwanza? Kama walikuwepo, walikuwa wa aina gani, na je, dawa ile iliweza kuwaua? Hakuna anayejua, kwa sababu mkojo haukupimwa.

Vipimo vya mkojo viko vya aina kadhaa, na kila kimoja hujibu swali lake. Kijiti huuliza, "Kuna dalili za maambukizi?" Hadubini huuliza, "Kuna nini ndani ya mkojo?" Kuotesha huuliza, "Ni bakteria gani, wangapi, na dawa gani inawaua?" Mtahiniwa akielewa tofauti ya maswali haya, ulinganisho wote utakuwa rahisi kwake.

1. Njia ya mkojo na maambukizi yake

Njia ya mkojo ina sehemu nne: figo mbili zinazochuja damu na kutengeneza mkojo, ureta mbili zinazoupeleka mkojo chini, kibofu kinachouhifadhi, na urethra inayoutoa nje.

Kwa mtu mwenye afya, mkojo ulio ndani ya kibofu huwa na bakteria wachache sana, kiasi kwamba vipimo vya kawaida haviwaoni. Sehemu ya mwisho ya urethra na ngozi inayoizunguka zina bakteria wengi wa kawaida ambao hawamdhuru mtu. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu mkojo hupita hapo kabla ya kuingia kwenye chupa ya sampuli.

Maambukizi mengi husababishwa na bakteria aitwaye *Escherichia coli*, ambaye makao yake ya kawaida ni utumbo mpana. Kutoka kwenye njia ya haja kubwa hufika kwenye mlango wa urethra, kisha hupanda hadi kwenye kibofu. Wengine ni *Klebsiella*, *Proteus*, *Enterococcus* na *Staphylococcus saprophyticus*.

*Kwa nini wanawake huugua zaidi kuliko wanaume?* Urethra ya mwanamke mzima ina urefu wa takribani sentimita 4, ilhali ya mwanamume ina takribani sentimita 20. Pia mlango wa urethra ya mwanamke uko karibu na njia ya haja kubwa. Safari ya bakteria inakuwa fupi.

Dalili za maambukizi ya kibofu ni maumivu au hali ya kuungua wakati wa kukojoa, kukojoa mara kwa mara, haja ya ghafla, na maumivu chini ya kitovu. Bakteria wakifika kwenye figo, mgonjwa hupata homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni. Hali hiyo inahitaji hospitali haraka.

Zingatia: Dalili peke yake hazithibitishi maambukizi haya. Magonjwa ya zinaa na kichocho huweza pia kuleta maumivu wakati wa kukojoa.

2. Ukusanyaji wa sampuli

Kipimo kizuri hakiwezi kuokoa sampuli mbaya. Sampuli inayofaa kwa kazi hii ni *mkojo wa katikati*. Hatua zake ni hizi:

1. Nawa mikono. Safisha mlango wa urethra kwa maji safi. Mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma.
2. Anza kukojoa chooni. Mkojo wa mwanzo huondoa bakteria walio kwenye mlango wa urethra.
3. Bila kukatisha, kinga mkojo wa katikati kwenye chupa safi iliyoandaliwa na maabara. Usiguse ndani ya chupa wala mfuniko.
4. Malizia mkojo uliobaki chooni.
5. Funga chupa, andika jina, tarehe na saa, kisha uipeleke maabara mara moja.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi unafaa zaidi kwa sababu umekaa kibofuni kwa saa nyingi, na bakteria wamepata muda wa kuongezeka.

Sampuli ipimwe ndani ya saa 2. Ikishindikana, ihifadhiwe kwenye jokofu kwa nyuzi joto 4 hivi za Selsiasi, kwa muda usiozidi saa 24. Mfano ufuatao unaonyesha sababu.

Mfano 1. Mkojo wa mtu asiye na maambukizi umechafuliwa na bakteria wa ngozi kiasi cha 1,000 kwa kila mililita. Chupa imeachwa mahali penye joto. Tuchukulie kuwa bakteria wanagawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Watakuwa wangapi baada ya saa 2 na dakika 20?

*Jibu:* Saa 2 na dakika 20 ni dakika 140.
Idadi ya migawanyiko = 140 ÷ 20 = 7
Idadi ya bakteria = 1,000 × 2⁷ = 1,000 × 128 = 128,000 kwa mililita.

Kama utakavyoona katika sehemu ya 3.4, bakteria 100,000 kwa mililita ndicho kiwango ambacho maabara nyingi hukihesabu kuwa ni maambukizi. Kwa hiyo chupa iliyosahaulika juu ya meza inaweza kumfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Baridi ya jokofu haiwaui bakteria. Inapunguza tu kasi ya kugawanyika kwao.

3. Aina za vipimo

3.1 Kuangalia kwa macho na kunusa

Mkojo wa kawaida huwa na rangi ya njano hafifu na huonyesha ng'ambo. Mkojo wenye usaha au bakteria wengi huweza kuwa na ukungu na harufu kali. Mkojo wenye damu huwa mwekundu au wa rangi ya kahawia.

Njia hii haina gharama, lakini haiaminiki. Ukungu unaweza kuletwa na chembe za fosfeti zinazojitenga mkojo unapopoa. Harufu na rangi hubadilika kwa sababu ya chakula, dawa, au kunywa maji machache. Kwa hiyo mkojo wa njano iliyokolea mara nyingi humaanisha kuwa mtu amekunywa maji kidogo. Hauonyeshi maambukizi.

3.2 Kijiti cha mkojo

Hiki ni kijiti chembamba cha plastiki chenye vipande vidogo vilivyotiwa kemikali. Kila kipande hubadilika rangi kikikutana na kitu chake. Kijiti huchovywa kwenye mkojo, hukung'utwa, kisha rangi hulinganishwa na chati iliyo kwenye kopo lake kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida dakika 1 hadi 2.

Vipande viwili ndivyo muhimu katika mada hii.

(i) Naitraiti. Mkojo wa kawaida una naitreti (NO₃⁻) inayotokana na chakula, lakini hauna naitraiti (NO₂⁻). Bakteria kama *E. coli* wana kimeng'enya kinachoondoa oksijeni moja kutoka kwenye naitreti:

NO₃⁻ → NO₂⁻

Kipande kikigeuka rangi ya waridi, kuna naitraiti, na aliyeitengeneza ni bakteria. Kwa hiyo jibu chanya lina uzito mkubwa.

Lakini jibu hasi halimaanishi kuwa hakuna bakteria. Sababu ni tatu:

- Mabadiliko haya yanahitaji mkojo ukae kibofuni kwa takribani saa 4. Mgonjwa anayekojoa kila baada ya nusu saa hampi bakteria muda huo.
- *Enterococcus* na *Staphylococcus saprophyticus* hawabadilishi naitreti kuwa naitraiti.
- Mgonjwa aliyemeza vitamini C kwa wingi anaweza kupata jibu hasi ingawa naitraiti ipo.

(ii) Esterasi ya seli nyeupe. Mwili ukishambuliwa, seli nyeupe za damu huhamia kwenye kibofu kupigana na bakteria. Seli hizi zina kimeng'enya kiitwacho esterasi, na kipande cha kijiti hugeuka zambarau kinapokutana nacho. Kumbuka kwamba hapa hatupimi bakteria. Tunapima *mwitikio wa mwili*. Seli nyeupe zinaweza kuwepo kwa sababu nyingine, kama ute wa ukeni uliochanganyika na mkojo, ugonjwa wa zinaa au kifua kikuu cha figo.

Vipande vingine vya kijiti hupima damu, protini na glukosi. Glukosi huelekeza kwenye kisukari, na protini nyingi huelekeza kwenye tatizo la figo. Usivitumie kama uthibitisho wa maambukizi ya njia ya mkojo.

3.3 Hadubini

Mkojo huwekwa kwenye mashine inayouzungusha kwa kasi ili vitu vizito vizame chini ya mrija. Tone la mashapo huwekwa kwenye kioo cha slaidi na kutazamwa kwa hadubini. Mtaalamu hutafuta:

- *seli za usaha*, yaani seli nyeupe za damu. Katika mkojo ambao haukuzungushwa, seli 10 au zaidi katika kila milimita moja ya ujazo ni dalili ya uvimbe katika njia ya mkojo;
- *bakteria*, hasa wenye umbo la fimbo;
- *seli nyekundu za damu*;
- *seli bapa za ngozi*. Zikiwa nyingi, sampuli imechafuliwa wakati wa kukusanywa, na ni vyema irudiwe.

Bakteria wanaweza pia kutiwa rangi kwa njia iliyobuniwa na Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. *E. coli* huonekana kama fimbo za rangi ya waridi, yaani Gramu hasi. *Enterococcus* na *Staphylococcus* huonekana kama viduara vya zambarau, yaani Gramu chanya. Tofauti hii husaidia kuchagua dawa kabla majibu ya kuotesha hayajatoka.

Faida kubwa ya hadubini ni kuona kitu ambacho hakikutafutwa. Mgonjwa aliyetumwa kupimwa UTI anaweza kukutwa na mayai ya *Schistosoma haematobium*, minyoo wa kichocho cha mkojo, yenye mwiba mmoja kwenye ncha. Katika maeneo yenye kichocho hiki, kama vile visiwa vya Pemba na Unguja, hilo si jambo la kupuuza. Antibayotiki haiwaui minyoo hao. Dawa yao ni prazikwanteli. Kwa kipimo cha kichocho, mkojo hukusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.

Udhaifu wa hadubini ni kwamba inahitaji mtaalamu mwenye uzoefu, na majibu hutegemea jicho lake. Pia haiwezi kusema ni dawa gani itakayofanya kazi.

3.4 Kuotesha bakteria

Hiki ndicho kipimo cha rejea, yaani kile kinachotumiwa kuvipima vipimo vingine. Hatua zake ni hizi:

1. Kitanzi cha waya chenye ujazo unaojulikana, kwa kawaida mililita 0.001, huchovywa kwenye mkojo.
2. Mkojo hupakwa juu ya chakula cha bakteria kilichogandishwa kwenye sahani ya maabara.
3. Sahani huwekwa kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24.
4. Kila bakteria aliye hai hugawanyika mpaka kutokeza *koloni*, yaani doa linaloonekana kwa macho.
5. Koloni huhesabiwa, na aina ya bakteria hutambuliwa.
6. Bakteria hupandwa tena pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vyenye antibayotiki mbalimbali. Dawa inayowashinda hutengeneza duara tupu kuizunguka karatasi. Kipenyo cha duara hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na jedwali la viwango ili kusema kama bakteria wanaathiriwa au ni sugu.

Mfano 2. Kitanzi cha mililita 0.001 kimetoa koloni 180 za aina moja. Kokotoa idadi ya bakteria kwa mililita.

*Jibu:* 180 ÷ 0.001 = bakteria 180,000 kwa mililita.

Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Edward Kass, alichapisha kazi iliyoonyesha kuwa kiwango cha bakteria 100,000 au zaidi kwa mililita husaidia kutofautisha maambukizi ya kweli na uchafu wa sampuli. Kiwango hicho bado kinatumika. Hata hivyo, kisichukuliwe kama ukuta. Mwanamke mwenye dalili zote anaweza kuwa na maambukizi ya kweli hata kwa idadi ndogo zaidi. Kwa upande mwingine, zikiota aina tatu au zaidi za bakteria kwa pamoja, mara nyingi sampuli imechafuliwa.

Udhaifu wa kuotesha ni muda, gharama na vifaa. Majibu kamili huchukua siku 2 hadi 3. Pia mgonjwa akiwa ameshaanza kumeza antibayotiki, bakteria wanaweza wasiote kabisa, na jibu likawa hasi la uongo. Ndiyo maana sampuli hukusanywa *kabla* ya dozi ya kwanza.

4. Jedwali la ulinganisho

| Jambo | Macho | Kijiti | Hadubini | Kuotesha |
|---|---|---|---|---|
| Kinachopimwa | Rangi, ukungu, harufu | Naitraiti, esterasi, damu | Seli, bakteria, mayai ya minyoo | Bakteria walio hai |
| Muda wa majibu | Papo hapo | Dakika 1–2 | Chini ya saa 1 | Siku 2–3 |
| Vifaa | Hakuna | Kijiti na chati | Hadubini, mashine ya kuzungusha | Maabara kamili |
| Huhesabu bakteria? | Hapana | Hapana | Kwa kukadiria | Ndiyo |
| Hutaja aina ya bakteria? | Hapana | Hapana | Umbo na rangi tu | Ndiyo |
| Huonyesha dawa inayofaa? | Hapana | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Udhaifu mkuu | Hakiaminiki | Hasi haiondoi ugonjwa | Hutegemea uzoefu | Huchelewa, ni ghali |

5. Unyeti na umahususi

Tunawezaje kusema kipimo kimoja ni bora kuliko kingine? Tunatumia vipimio viwili.

Unyeti ni asilimia ya *wagonjwa* ambao kipimo kimewatambua kuwa wagonjwa.

Unyeti = (wagonjwa waliopata chanya ÷ wagonjwa wote) × 100

Umahususi ni asilimia ya *wasio wagonjwa* ambao kipimo kimewatambua kuwa hawana ugonjwa.

Umahususi = (wasio wagonjwa waliopata hasi ÷ wasio wagonjwa wote) × 100

Mfano 3. Takwimu hizi zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Watu 200 wenye dalili walipimwa. Kuotesha kulionyesha kuwa 50 wana maambukizi na 150 hawana. Kijiti kilitoa majibu haya:

| Kipande | Chanya kati ya wagonjwa 50 | Hasi kati ya wasio wagonjwa 150 |
|---|---|---|
| Naitraiti | 25 | 147 |
| Esterasi | 40 | 120 |

*Naitraiti:* Unyeti = 25 ÷ 50 × 100 = 50%. Umahususi = 147 ÷ 150 × 100 = 98%.

*Esterasi:* Unyeti = 40 ÷ 50 × 100 = 80%. Umahususi = 120 ÷ 150 × 100 = 80%.

Sasa tusome maana ya tarakimu hizi. Hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Naitraiti ilimkosa mgonjwa mmoja kati ya kila wawili. Lakini waliopata chanya jumla ni 25 + 3 = 28, na 25 kati yao walikuwa wagonjwa kweli, yaani asilimia 89. Kwa hiyo *chanya ya naitraiti inaaminika, hasi yake haitoshi.*

Esterasi iliwakamata wagonjwa wengi zaidi. Lakini waliopata chanya jumla ni 40 + 30 = 70, na 40 tu ndio wagonjwa, yaani asilimia 57. Watu 30 wangepewa antibayotiki bila sababu. Kwa hiyo *chanya ya esterasi peke yake haithibitishi.*

Hii ndiyo sababu vipande viwili husomwa pamoja. Vyote vikiwa chanya kwa mtu mwenye dalili, uwezekano wa maambukizi ni mkubwa. Vyote vikiwa hasi, uwezekano ni mdogo, lakini si sifuri. Kimoja kikiwa chanya na kingine hasi, mkojo uendelee kwenye hadubini au kuoteshwa.

6. Kipimo kipi, kwa nani?

*Mgonjwa A.* Mwanamke mwenye umri wa miaka 22, si mjamzito, ana maumivu ya kukojoa tangu jana. Ni mara yake ya kwanza. Kijiti kinatosha kuanzia. Naitraiti na esterasi zikiwa chanya, mhudumu wa afya anaweza kumwanzishia tiba.

*Mgonjwa B.* Mjamzito asiye na dalili yoyote. Huyu aoteshewe mkojo. Bakteria wakiwa wengi kwenye mkojo wa mjamzito, wanaweza kupanda hadi figo, kwa hiyo hutibiwa hata kama hana maumivu. Kwa watu wazima wengine wengi wasio na dalili, bakteria kwenye mkojo hawahitaji dawa.

*Mgonjwa C.* Mwanafunzi wa utangulizi wetu, ambaye maumivu yamerudi baada ya dawa. Kijiti hakitoshi. Anahitaji kuoteshewa na kujaribiwa dawa, kabla hajameza kidonge kingine.

*Mgonjwa D.* Mvulana wa miaka 12 mwenye damu mwishoni mwa mkojo, anayeogelea bwawani. Anahitaji hadubini kwanza, kutafuta mayai ya kichocho.

Uhusiano na mada ya mageuko. Rudi kwa mgonjwa C. Katika kibofu chake huenda walikuwepo mamilioni ya bakteria, wachache kati yao wakiwa na jeni la kuhimili dawa. Dawa iliua wale dhaifu kwanza, na maumivu yakapungua. Wale sugu walibaki, wakagawanyika bila washindani. Dawa haikuwafundisha kuwa sugu. Iliwachagua. Huu ni uteuzi asilia unaotokea ndani ya mwili wa mtu mmoja, kwa wiki tatu. Bakteria hao wakihamia kwa mtu mwingine, naye ataugua ugonjwa usiosikia dawa ile, ingawa hajawahi kuimeza.

Lakini kumbuka uwezekano wa pili: huenda mgonjwa C hakuwa na bakteria kabisa. Huenda alikuwa na ugonjwa mwingine uliotulia kwa muda. Neno "sugu" lina maana pale tu kuotesha kunapoonyesha bakteria wasiouawa na dawa. Maumivu kurudi hakutoshi.

7. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kuandika kuwa kijiti "huonyesha bakteria". Kijiti huonyesha kemikali zinazohusiana na bakteria au na seli nyeupe.
2. Kuchanganya naitreti na naitraiti. Naitreti ni ya kawaida kwenye mkojo. Naitraiti ndiyo dalili.
3. Kugawanya kwa watu wote wakati wa kukokotoa unyeti. Gawanya kwa *wagonjwa* tu.
4. Kuandika kuwa "mwili umekuwa sugu kwa dawa". Walio sugu ni bakteria.
5. Katika swali la "linganisha", kueleza kipimo kimoja peke yake kwa aya nzima, kisha kingine. Weka sifa moja na uoneshe tofauti palepale: "Kijiti hutoa majibu kwa dakika 2, ilhali kuotesha huchukua siku 2 hadi 3."

Zoezi la marudio

1. Taja sababu mbili zinazofanya wanawake wapate maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi kuliko wanaume. (Alama 2)
2. Mgonjwa ana dalili zote, lakini kipande cha naitraiti ni hasi. Toa sababu tatu. (Alama 3)
3. Kitanzi cha mililita 0.01 kimetoa koloni 30. Kokotoa idadi ya bakteria kwa mililita na ueleze kama kiwango cha 100,000 kimefikiwa. (Alama 3)
4. Watu 100 walipimwa. Kuotesha kulionyesha wagonjwa 20. Kipimo X kilikuwa chanya kwa wagonjwa 18, na pia kwa watu 24 wasio wagonjwa. Kokotoa (a) unyeti, (b) umahususi, (c) asilimia ya waliopata chanya ambao ni wagonjwa kweli. (Alama 6)
5. "Mgonjwa aanze dawa kwanza, kisha apeleke mkojo kuoteshwa." Kosoa kauli hii. (Alama 3)
6. Linganisha kijiti na kuotesha kwa hoja nne. (Alama 8)

Majibu

1. Urethra ya mwanamke ni fupi. Mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa.

2. Mkojo haukukaa kibofuni muda wa kutosha. Bakteria aliyepo habadilishi naitreti, mfano *Enterococcus*. Mgonjwa ametumia vitamini C nyingi.

3. 30 ÷ 0.01 = bakteria 3,000 kwa mililita. Kiwango hakijafikiwa. Jibu lisomwe pamoja na dalili za mgonjwa, kwa sababu idadi ndogo haiondoi maambukizi kwa mtu mwenye dalili.

4. (a) 18 ÷ 20 × 100 = 90%. (b) Wasio wagonjwa ni 80; waliopata hasi ni 80 − 24 = 56; 56 ÷ 80 × 100 = 70%. (c) Waliopata chanya ni 18 + 24 = 42; 18 ÷ 42 × 100 = 42.9%. Ona kwamba ingawa unyeti ni mkubwa, zaidi ya nusu ya waliopata chanya si wagonjwa.

5. Kauli si sahihi. Antibayotiki huua au kuzuia baadhi ya bakteria, hivyo wanaweza wasiote na jibu likawa hasi la uongo. Sampuli ikusanywe kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa aliye katika hali mbaya anaweza kuanza dawa mara tu baada ya kutoa sampuli, bila kusubiri majibu.

6. Hoja zichukuliwe kutoka kwenye jedwali la sehemu ya 4: kinachopimwa, muda, vifaa, kuhesabu bakteria, kutaja aina, kuonyesha dawa. Kila hoja itaje pande zote mbili ndipo ipate alama 2.